Je, inatosha kuwa na mtu wa rangi yetu bungeni?

Mtafuta Hoja aliuliza:

Ndugu wasomaji, lipo jambo linalonisumbua. Afrika Kusini ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote mwaka 1994, sura ya Bunge ilibadilika mara moja, na wengi wetu tuliamini kwamba maisha ya walioonewa yangefuata mkondo huo huo. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado nchi hiyo imo miongoni mwa zile zenye pengo kubwa kabisa duniani kati ya matajiri na maskini, na maskini walio wengi ni Weusi. Je, tulikosea kudhani kwamba anayefanana nasi kwa rangi atatusemea pia katika umaskini wetu?

Kalamu ya Jioni alijibu:

Ndugu Mtafuta Hoja, mimi nisingeliita kosa. Mtu anayenyimwa kura kwa ajili ya rangi yake hawezi kuambiwa asubiri mpaka suala la matabaka litatuliwe. Tena, mambo haya mawili hayatengani kirahisi kama tunavyodhani. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, Weusi walizuiwa kupiga kura kwa mitihani ya kusoma na kuandika na kwa kodi ya kura, yaani silaha ya ubaguzi ilikuwa ni umaskini wenyewe pamoja na kukosa shule, na kodi hiyo iliwafungia nje hata Wazungu makabwela. Ilihitajika Marekebisho ya 24 ya Katiba mwaka 1964, Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1965 na uamuzi wa Mahakama Kuu mwaka 1966 ndipo milango hiyo ikafunguliwa.

Mwana wa Hoja Nzito alijibu:

Nakubaliana na Kalamu ya Jioni, ila naona nyote wawili mnamtazama anayekalia kiti na kumsahau anayempa kiti hicho. Mwaka 1932 nchini India, B. R. Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, waliokuwa wakiitwa watu wasioguswa, alidai kwamba wachague wawakilishi wao kwa daftari lao wenyewe la wapiga kura. Gandhi alifunga kula akiwa gerezani kupinga jambo hilo, na Mapatano ya Poona, yaliyomaliza mgogoro huo, yakawapa Wadalit viti vingi zaidi, lakini viti vinavyopigiwa kura na watu wote wa jimbo. Tabaka la kuzaliwa si rangi, najua, lakini funzo linahusu pande zote mbili: mpaka leo viti 84 kati ya 543 vya bunge la chini vimetengwa kwa ajili yao, na mgombea lazima awe mmoja wao, ila anayeamua kama atarudi bungeni mara nyingi ni wapiga kura wasio wa jamii yake. Mbunge wa namna hiyo akiuma maneno, simshangai. New Zealand ilishika njia nyingine: tangu 1867 Wamaori wana viti vyao, na wanaovipigia kura ni wale walio katika daftari la Wamaori. Kwangu mimi, swali la kwanza ni nani anaweza kumwondoa mwakilishi, na rangi yake huja baadaye.

Dereva Msomaji alijibu:

Nawashukuru wakubwa zangu kwa elimu hii. Mimi ni dereva, na wenzangu kazini waliwahi kunisihi nichukue fomu ya udiwani. Ada ya fomu tungeichanga. Kilichonishinda ni kwamba kampeni ingenitaka niache usukani kwa majuma kadhaa bila mshahara, huku mshindani wangu, mtu wa rangi yangu na lugha yangu, akiendelea kuingiza kodi za nyumba zake hata akiwa jukwaani. Baadaye nilisoma kwamba wafanyakazi wa Uingereza walidai wabunge walipwe mshahara tangu mwaka 1838, ili fundi naye aweze kuwa mbunge, na hawakuupata hadi 1911. Mshahara huo, hata hivyo, huanza baada ya kushinda. Ningependa kujua kutoka kwa Mwana wa Hoja Nzito: je, ipo nchi inayomlinda kibarua katika majuma yale ya kuomba kura, ili akishindwa arudi aikute kazi yake?