Tunauza nyumba tuliyokaa miaka 14, nianzie wapi nisichanganyikiwe?

MamaPacha
Habari zenu wapendwa. Mume wangu kahamishwa kikazi, yeye ashatangulia, mimi nimebaki na watoto pacha wa miaka 6 na kazi ya kuuza nyumba, tumejipa miezi 3. Vitu ni vingi mno, mlango wa stoo haufunguki mpaka mwisho, na kuna chumba cha marehemu mama ambacho tangu aondoke sijagusa kitu. Jumamosi nikasema leo naanza, nikatoa kabati lote la chumbani nikamwaga kitandani, mpaka saa 4 usiku bado nimekaa pale na albamu za picha na vinguo vya watoto walipokuwa wachanga, sijaamua hata kitu kimoja, nikarudisha vyote nikalala nalia. Alafu kila mtu ana lake, shemeji anasema paka rangi nyumba nzima, jirani anasema vunja jiko weka la kisasa ndo bei inapanda, kaka yangu anasema iuze ilivyo. Dari la sebuleni lina doa la njano la maji. Hela siyo nyingi na usingizi sipati. Nianzie wapi, na nini niache kabisa?

Tuliyehama
Pole sana dada, mimi nimepita huko mwaka jana. Kabati la chumbani siyo pa kuanzia, hapo ndo kumbukumbu zote zimekaa. Anza pasipo na machozi, stoo, veranda, chini ya sinki, huko utakuta ndoo zilizopasuka, chaja za simu ambazo simu zenyewe hazipo, makopo ya rangi yaliyokauka, mkono unatupa wenyewe na kichwa kinazoea kuamua. Ukifika kwenye vitu vizito ushakuwa na mazoezi.

Mafungu yawe matatu tu, tunahama navyo, vya kugawa au kuuza, vya kutupa. Fungu la "nitafikiria" usiliruhusu kabisa maana litameza mengine yote. Weka saa dakika 45, ikilia unaacha hata kama bado una nguvu, na vya kutupa vitoke nje ya geti siku hiyo hiyo kabla watoto hawajavirudisha ndani. Na ujue hii kazi ungeifanya tu hata kama nyumba isingeuzwa, si unahama? Kila unachokitoa leo ni kitu ambacho hutakifunga, hutakilipia usafiri na hutakifungua kule unakokwenda. Mimi nilipoliona hivyo mzigo ulipungua, nikaacha kujisikia nafanya usafi wa kumfurahisha mtu nisiyemjua.

Chumba cha mama usikiingie peke yako. Mwite mtu aliyempenda kama wewe, kaka yako huyo huyo, mkae humo siku moja mwongee habari zake hata msipopanga kitu. Siku ya pili ndo mje na boksi moja zuri, miwani yake, daftari lenye mwandiko wake, nguo moja ambayo bado ina harufu yake. Vingine vipige picha kabla havijaondoka.

FundiMstaafu
Mwanangu, hilo doa la dari ndilo la kwanza, mengine yote ni urembo. Usikubali mtu alipake rangi juu. Doa la maji linapenya kwenye rangi ya kawaida hata ukipiga mikono mitatu, na mnunuzi akiliona limefunikwa kinyemela ataanza kujiuliza na nyie mmeficha nini kingine. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, bati lina tundu, mfereji wa paa umeziba majani, au kuna bomba linapita juu. Ziba, acha pakauke kabisa hata kama ni wiki mbili, ndo upake praima ya kuzuia madoa alafu rangi.

Kuna kipimo cha bure fanya leo usiku kama nyumba ina mita ya maji. Funga koki zote, mwambie kila mtu asiguse choo, andika namba za kwenye mita, kaa saa mbili bila kutumia maji kisha soma tena. Zikisogea kuna maji yanavuja mahali. Choo nacho tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi lake, usivute, subiri nusu saa, rangi ikionekana chini kwenye bakuli ile raba ya ndani imechoka, ni kitu cha bei ndogo na unabadili mwenyewe.

Kama kuna bafu halitumiki na linanuka, mara nyingi siyo uchafu. Lile bomba lililojikunja chini linatakiwa litunze maji yazuie harufu ya maji taka isipande, bafu likikaa bila kutumika maji yanakauka. Mwaga ndoo moja ya maji, kwisha. Ukikuta kuvu nyeusi kwenye kona vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, na nakuomba sana usichanganye dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, zinatoa hewa ya sumu na wewe una watoto humo.

Mengine tembea na kalamu kuanzia getini, bawaba inayolia, kitasa kilicholegea, soketi yenye ufa (hiyo mwachie fundi umeme), kigae kinachocheza. Ndani ya wikiendi mbili vinaisha. Rangi kama utapaka anza juu kushuka chini, dari, ukuta, mbao za milango, sakafu mwisho, ukienda kinyume utasafisha mara mbili.

NyumbaNaWatu
Nafanya kazi ya udalali kwa hiyo nisikilize kwenye hili la jiko, ACHA. Jiko jipya lina gharama kubwa na mara nyingi hela yote hairudi kwenye bei, tena mnunuzi mwenye hela ya jiko anataka achague mwenyewe. Safisha mafuta ya juu ya kabati, badili vishikio vilivyolegea, toa vyombo vyote vilivyo juu ya kaunta ubaki na birika tu, inatosha. Rangi nayo siyo nyumba nzima, sebule, korido na ile kuta ambayo watoto wameichora, rangi nyepesi isiyo na makelele.

Lakini kinachowatoa watu jasho siyo rangi, ni karatasi. Hati ipo wapi? Ina majina ya nani? Kama ni yako na ya mume na yeye yuko mbali, panga sasa hivi na mwanasheria wa hapo ulipo atasainije, na kama kuna sehemu bado ina jina la marehemu mama anza hilo KESHO mana linaweza kula miezi yote hiyo mliyojipa. Kusanya na bili za maji na umeme, kodi za nyumba kama zipo, mchoro wa mipaka, kibali cha ile sehemu mliyoongeza. Hati halisi usimpe mtu aliyekuja kutazama tu, nakala inatosha.

Amua pia mapema nini kinabaki. Taa ya sebuleni unayoipenda, tangi la maji, fimbo za mapazia, kama unaondoka nacho kitoe kabla mteja wa kwanza hajakiona, nimeshuhudia mauzo yakiyumba siku ya mwisho kwa sababu ya taa.

Picha piga asubuhi nyepesi, mapazia wazi, simu ilale, simama kwenye kona usawa wa kifua. Funika choo, toa karatasi za mlangoni mwa friji na picha zenye sura na majina ya watoto, na angalia kioo kisikuchukue wewe.

Mkweli_Tu
Mimi nipo na kaka yako kwenye hili. Niliuza ilivyo, nilikuwa nauguza na sikuwa na nguvu, nikapokea bei ya chini na sijutii hata siku moja. Msimfanye dada aone asipopaka rangi kafeli.

NyumbaNaWatu
Mkweli_Tu nakubaliana na wewe, kuuza ilivyo ni njia halali kabisa hasa mtu akiwa na ugonjwa au msiba. Nachosema tu ni kwamba "ilivyo" isiwe na maana ya chafu na yenye siri. Hata ukiuza ilivyo, mwambie mnunuzi dari lilivuja wapi na ulirekebisha nini. Usafi na ukweli havina gharama ya fundi.

MamaPacha
Jamani Mungu awabariki. Nimefanya kile kipimo cha mita na namba zimesogea kweli! Choo cha nyuma ndo kinavuja, rangi imetokea chini ndani ya dakika kumi. Fundi wa paa anakuja Alhamisi. Hati nimeipata, majina ni yetu wawili, mama hayupo, nimempigia mume anaulizia huko namna ya kusaini. Swali moja limebaki, watu wakianza kuja kutazama na hawa pacha nifanyaje, nikipanga hapa wao wanamwaga pale.

Tuliyehama
Usipange kila siku utaugua. Mwambie dalali wateja waje siku mbili tu za wiki, saa za mchana, kwa taarifa. Midoli mingi ifunge kwenye maboksi sasa hivi, si mnahama nayo, wabaki na kapu moja kila mtu. Simu ikilia kila mtoto anajaza kapu lake, kapu linaingia kwenye gari, wewe unafuta sinki, unafungua madirisha, unatoka nao. Ukibaki humo utamfuata mteja chumba hadi chumba ukijieleza na yeye atashindwa kujiona anaishi pale. Dalali abaki na wateja ila dawa, dhahabu, hati na laptopu uondoke nazo. Na waambie watoto ukweli nani anakuja na kwa nini, wa kwangu alidhani wageni wanakuja kuchukua kitanda chake, alikuwa hapati usingizi kumbe ndo hilo.

MamaPacha
Hilo la kitanda limenigusa, na wangu mmoja kaanza kuamka usiku. Naongea nao leo jioni. Stoo nimeifungua mpaka ukutani, dakika 45 mara mbili. Kaka yangu kasema anakuja Jumapili tukae chumbani kwa mama, kaniomba tusipange kitu siku hiyo, nimemwambia hata mimi ndo nilivyotaka.