Wanatafuta shaba ya betri kwenye shamba la babu, huko Migori: tusaini au tukatae?

Mluo_wa_Kondele:
Salaam wanajukwaa. Naishi Kisumu ila kwetu ni Nyatike, Migori, karibu na mgodi wa zamani wa Macalder. Juzi wamekuja watu wawili wakiongozwa na mzee wa kijiji, wakasema wanatafuta shaba ya betri za magari ya umeme na shamba letu limo kwenye ramani yao. Wameacha karatasi ya Kiingereza kitupu. Namba ya shamba imejazwa kwa kalamu, lakini pa jina la kampuni na pa kiasi cha pesa pako wazi. Nyanya ameahidiwa "chai" akiweka kidole gumba. Hatimiliki bado iko kwa jina la babu, marehemu. Baba mdogo anasema tusifukuze riziki. Nishaurini.

Wakili_Mstaafu:
Nyanya asiguse wino! Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016, kifungu cha 37, inataka ridhaa ya mwenye ardhi aliyesajiliwa, naye aliyesajiliwa hapo ni marehemu. Mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, si nyanya wala baba mdogo mwenye mamlaka ya kusaini, na kugawa mali ya marehemu kiholela ni kosa. Kibaya zaidi, kifungu hichohicho kinahesabu mapatano halali na mwombaji kuwa ndiyo ridhaa yenyewe. Leo chai, kesho mtaambiwa mlikubali.

NyarGem:
Si madini ni ya serikali lakini? Watakataaje?

Wakili_Mstaafu:
Ni ya serikali, kweli. Wanachokataa ni mtu kuingia shambani bila utaratibu. Ila wasikatae kwa ukaidi tu, maana ridhaa ikinyimwa bila sababu ya maana, waziri anaweza kuanzisha utwaaji wa lazima wa ardhi hiyo. Waandike barua, waweke sababu: mirathi haijakamilika, mwombaji hajulikani ni nani.

Mosha_Mchanga:
Mimi ni wa hukohuko. Mgodi wa Macalder ulifungwa 1966 na marundo ya mabaki bado yamekaa pale, vijana wanayaosha kwa zebaki wapate dhahabu. Aliyeyaacha hakurudi kuyafukia. Kwa hiyo waulize hao jamaa leseni ni ya aina gani. Ya upelelezi wa awali hairuhusu kutoboa ardhi, ya utafutaji ndiyo inayoruhusu. Wizara ina rejista ya leseni mtandaoni, angalia kama eneo lenu limeombwa na kwa jina gani. Jina likikosekana, hao ni mabroka wanaokusanya sahihi wakauze.

Umeme_Boda:
Mnatisha watu bure. Ulaya walipitisha sheria ya betri 2023, wanunuzi watalazimika kufuatilia madini yametoka wapi na wenyeji walitendewaje. Mambo ya ujanjaujanja yanaisha.

Mosha_Mchanga:
Soma orodha yake, ndugu. Wajibu huo unahusu kobalti, grafiti asilia, lithiamu na nikeli. Shaba haimo, ingawa betri nyingi za lithiamu zina utando wa shaba ndani. Tena huo wajibu wenyewe ulisogezwa hadi 2027. Kobalti ya Kongo ndiyo iliyowakosesha usingizi, si shaba ya Nyatike.

NyarGem:
Na mrabaha, ile sehemu mchimbaji anayolipia madini? Nasikia jamii inapata asilimia 10.

Wakili_Mstaafu:
Ndivyo ilivyoandikwa: 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Lakini ni pesa ya uchimbaji, si ya utafutaji, na ni ya jamii nzima, haiendi mfukoni mwa mwenye shamba. Watu wa Kwale, kulikochimbwa titani, walingoja yao miaka. Fidia ya mimea na ardhi iliyoharibiwa ndiyo haki yenu wenyewe, hiyo idaini kwa maandishi kabla shimo la kwanza halijatobolewa.

Mluo_wa_Kondele:
Asanteni sana. Nyanya nimempigia, karatasi ameificha chini ya godoro. Baba mdogo amenuna. Mirathi nifungulie Kisumu niliko, au Migori?

Wakili_Mstaafu:
Migori, kama ndiko babu alikoishi mwisho. Nyanya kama mjane ndiye anayetangulia kuomba. Beba cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote bila kumruka hata binti aliyeolewa, na taarifa rasmi ya shamba kutoka ofisi ya ardhi. Na huyo baba mdogo mweke kwenye orodha, hata kama amenuna.