Kovu la moto usoni: je, seli shina za mafuta ya tumboni zinasaidia kweli?

Mama Raya, Wete
Asalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 19. Miaka minne iliyopita, usiku wa Ramadhani, karai la mafuta ya kukaangia sambusa lilimpindukia, akaungua shavu la kushoto hadi shingoni. Kidonda kilipona, lakini kovu limekaza na kulivuta kope la chini, hata akilala jicho halifumbi lote, na kila alfajiri huamka likiwa jekundu, linatoka machozi. Wiki iliyopita kliniki moja ya nje ya nchi imetuandikia kwamba itamnyonya mafuta ya tumboni, itoe humo seli shina, na kwa sindano moja shavu litarudi kama alivyozaliwa. Kwa bei yao itatubidi tuuze shamba la mikarafuu. Naomba mwenye elimu anieleze kama jambo hili lipo. Na kutoa mafuta mahali pamoja mwilini na kuyatia pengine, dini inasemaje?

Mpasuaji, Unguja
Waalaykum salaam, dada yangu. Jambo lipo, ila ahadi uliyopewa imevuka mpaka. Mwaka 1893 daktari wa Ujerumani, Gustav Neuber, alijaza kovu lililobonyea usoni kwa mafuta ya mkononi. Na mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake, Marekani, walionesha kuwa ndani ya mafuta zimo seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa mafuta, gegedu au mfupa. Kwa hiyo mafuta yakinyonywa taratibu, yakatengwa na damu, kisha yakatiwa chini ya kovu kwa matone madogo madogo, seli hizo huwa zimo tayari, na wapasuaji wengi wameona ngozi ya kovu ikilainika baadaye.

Kuzikuza maabara na kuziongeza ni hatua nyingine, ambayo bado inachunguzwa. Denmark, mwaka 2013, watu 10 wenye afya walitiwa mafuta mikononi: yaliyoongezewa seli yalibaki asilimia 80.9, ya kawaida 16.3. Matokeo hayo ni makubwa, lakini ile ilikuwa mikono yenye ngozi nzima.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo jicho. Kope linavutwa kwa sababu ngozi imepungua, na mafuta, yawe na seli nyingi au chache, hayaongezi ngozi. Kwanza kovu likatwe na kulegezwa, kisha pengo libandikwe ngozi ya kutoka pengine, mara nyingi nyuma ya sikio. Mafuta yangoje hadi hapo patulie. Jicho lisilofumba hukauka, likapata kidonda kwenye kioo chake, na uoni ukaharibika. Usisubiri upasuaji: mpake marhamu ya kulainisha macho kila usiku kabla ya kulala, na aonwe na daktari wa macho wiki hii.

Mzazi mwenzio, Mkoani
Bi mkubwa, mwanangu alitiwa mafuta shavuni baada ya kuondolewa uvimbe wa taya. Hatukuambiwa kwamba sehemu ya mafuta hufa na kufyonzwa na mwili. Mwezi wa kwanza shavu lilijaa tukashukuru, mwezi wa nne likabonyea tena, akalia kuliko mara ya mwanzo. Alirudiwa, na safari ya pili yamebaki. Tumbo nalo lilivilia damu, rangi ya bilingani, kwa muda wa wiki mbili. Basi anayekwambia sindano moja, mwulize atakurudia mara ngapi na kwa bei gani.

Msomaji, Chake Chake
Kuhusu dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo au sehemu ya mwili wa mtu kwenye mwili wake mwenyewe, hata kwa kuondoa kasoro inayomletea dhiki ya nafsi au ya mwili, mradi manufaa yazidi madhara.

Mama Raya, Wete
Nawashukuru sana. Marhamu nimeyapata, jana usiku nimempaka. Hayo madhara ni yapi?

Mpasuaji, Unguja
Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu karibu na jicho, mtu anaweza kupofuka papo hapo. Ndiyo maana hutumiwa sindano butu na mkono mwepesi. Na Florida, mwaka 2015, wanawake watatu waliolipa kliniki iwadunge ndani ya macho seli za mafuta yao wenyewe walipoteza uoni. Shamba lisiuzwe kabla mpasuaji wa makovu ya moto hajalishika kope hilo kwa mkono wake.