Naomba ushauri: mafunzo ya mtandaoni kwa wahudumu wa dirishani

Ndugu zangu, nasimamia wahudumu wa dirishani katika chama cha akiba na mikopo hapa Tanga, na natafuta mafunzo ya mtandaoni ya kuwahudumia wazee, wafiwa na wateja wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi, lakini haimwonyeshi mhudumu namna ya kumsomea bibi asiyeona masharti ya mkopo, huku mjukuu aliyemleta akimhimiza atie dole gumba. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa maoni yangu. Je, masomo mafupi kwa njia ya simu yanatosha, au lazima yaambatane na mazoezi ya ana kwa ana? Na mhudumu amwombeje mjukuu asubiri nje bila kuwavunjia heshima?