Underworld haikutengenezwa: tuonyeshe nini badala yake?

Msafiri_wa_Anga: Wakuu, salaam. Naongoza mjadala wa siasa ndani ya Underworld, tamthilia ya Star Wars iliyotangazwa na George Lucas mwaka 2005 na isitengenezwe. Muuza diski anasubiri jibu leo: Revenge of the Sith, filamu ya Star Wars ya 2005, au Andor, tamthilia ya Star Wars?

Bi_Kidawa: Mna saa ngapi? Mko wangapi? Wanaijua Star Wars? Andor misimu yote ni vipindi 24.

Kinyonga77: Andor, mkuu. Ni wakati uleule wa Underworld, kati ya sehemu ya tatu na ya nne ya hadithi. Wizi wa Aldhani, waasi wanapoiba fedha za Dola, Tony Gilroy aliyeitunga Andor aliufananisha na Stalin kijana na wizi wa benki ya Tiflis (leo Tbilisi, Georgia), 1907. Mapinduzi yanataka fedha, na pale unaziona zikitafutwa.

Mzee_Projekta: Hiyo ni siasa ya Gilroy. Lucas alianzia vita vya Vietnam. Tena Palpatine, mwanasiasa anayegeuka dikteta, hapindui mtu: filamu ya 2002 anapewa mamlaka ya dharura, ya 2005 anaigeuza Jamhuri kuwa Dola (Empire) na maseneta wanapiga makofi. Makofi yale ndiyo mjadala wenyewe.

Tumaini_B: Kabla hujalipa, nisikilize. Mwaka jana nilinunua hiyo ya 2005 kwenye duka moja mjini, kasha linang'aa. Nikaazima projekta, nikawaita wapwa zangu wote. Tulipofika Seneti picha ikaganda. Tukafuta diski kwa kitambaa laini, tukabadilisha deki, wapi! Kurudi dukani naambiwa kikishauzwa hakirudi. Iliniuma sana, maana mdogo wao alilala akiamini Jamhuri imepona. Ijaribu palepale dukani, mpaka mwisho.

Kinyonga77: Pole dada.

Bi_Kidawa: Miswada ya Underworld ilifika kama 50, Ronald D. Moore akiwa mmoja wa waandishi, gharama ndiyo ikaizuia. Ilihusu mitaa ya chini ya Coruscant, sayari ya makao makuu. Mimi naona magenge yanayonenepa chini ya udikteta. Filamu ya 2005 haishuki huko.

Mwalimu_Sarufi: Ndugu Projekta, ile ni Himaya. Dola hata Jamhuri ni dola.

Mzee_Projekta: Ndiyo maana nasema Dola, mwalimu! Seneti ileile, jeshi lilelile, jina tu limebadilika.

Mwalimu_Sarufi: Basi msomaji atajuaje kilichobadilika?

Msafiri_wa_Anga: Samahani, nilikuwa kwenye daladala. Tuko 14, nusu hawajawahi kuiona, ukumbi ni saa mbili na nusu.

Kinyonga77: Vipindi vitatu vya Aldhani vinaingia.

Mzee_Projekta: Filamu nayo ni dakika 140, inaingia.

Bi_Kidawa: Na mjadala mtaufanyia wapi, barabarani?