Tupeane uzoefu: mambo yalipochafuka, kitabu au daftari lilikusaidia nini?

mwana_wa_kisauni
Wakuu salaam. Hali ikiharibika, iwe vita, vurugu za uchaguzi au hata ile korona ya 2020, utasikia mtu anasema "saa hizi sio wakati wa vitabu". Mi sikubali hata kidogo. Nianze na mtu anayejulikana. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969 kwa ajili ya kijikaratasi chake cha Kenya: Twendapi?, akatoka 1972, na kule ndani akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais yuleyule ambaye serikali yake ndo ilimtia ndani. Hapo huwa nacheka peke yangu. Ila yule ni mshairi, nyumba nzima ni ya mashairi, mi nataka ya kwetu watu wa kawaida ambao hatujawahi kutunga chochote. Leteni.

mjukuu_wa_kashozi
Mi wa Bukoba. Amin alipoingiza jeshi Kagera, Oktoba 1978, babu alikuwa mgambo akaondoka na wenzake, wakaenda mpaka Uganda huko. Bibi alibaki na watoto na mibuni. Sasa huyu bibi hakuwahi kukaa darasani utotoni, kusoma alifundishwa ukubwani kwenye kisomo, ile elimu ya watu wazima ya Nyerere miaka ya sabini, wanawake wakitoka shamba jioni wanakaa chini ya mti na kijitabu. Kwahiyo barua za babu zikija alizisoma mwenyewe, hakumpelekea mtu. Mnajua maana yake hiyo? Wenzake walikuwa wanapeleka barua za waume zao kwa karani, kijiji kizima kinajua siri zao kabla hata hawajafika nyumbani.

Basi wakaanza kumletea yeye. Utaratibu wake ulikuwa anaisoma kwanza kimyakimya yote, alafu ndo anasoma kwa sauti, na kama kuna jambo baya anachemsha chai kwanza. Wanawake wakishaona anawasha moto wanaanza kulia hata hajafungua mdomo, mpaka ikabidi aache hiyo chai.

Kuhusu vita zile barua hazisemi kitu. Babu anauliza kahawa imevunwa, mbuzi kazaa, fulani karudisha jembe? Moja anamuelekeza kabisa mpaka wa kibanja unapita wapi, kutoka mti fulani hadi kwenye mfereji, sababu jirani alikuwa ameanza kusogea. Miaka mingi baadae babu ameshafariki kesi ikaibuka palepale, bibi akafungua sanduku la bati akaitoa. Wazee wa baraza wakaisoma, wakaenda kupima, wakamaliza. Barua ya mtu aliyekuwa anakimbia risasi imekuja kuokoa shamba.

dada_wa_eldo
Yangu ni ya 2008. Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, siku chache tukajikuta Showground ya Eldoret na maelfu ya watu, nguo ni zile tulizovaa. Mamangu ni mwalimu na kwa handbag alikuwa na daftari moja la kupangia masomo. Akaanza kuandika, jina la mtu, ametoka wapi, ako na watoto wangapi, nani hajulikani aliko. Watu walimuona kama amechanganyikiwa kiasi, hakuna maji na wewe unaandika majina! Lakini baada ya wiki kama mbili mtu yeyote akitafuta ndugu yake anaambiwa enda kwa mwalimu. Na serikali ilipokuja kutoa zile elfu kumi kwa kila familia, orodha zikawa vita vingine kabisa, kuna wenye hawakuwa hata kambini wako kwa list na wenye walichomewa hawako. Mama alikuwa anafika pale na daftari lake anabishana ukurasa kwa ukurasa. Si wote walipata. Wengine walipata kwa ajili ya hiyo tu.

muuza_karanga
Samahani naleta maji baridi. Miaka ya tisini mzee wangu alipunguzwa kazini, mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu kila kukicha, na vitabu vyake vyote vikauzwa kwa kilo kwa wauza karanga na maandazi. Vizuri tu, vilitupa unga. Njaa haisomi jamani, tusidanganyane hapa. Ila nakiri kitu kimoja, nilikuwa nikinunua karanga nasoma ile karatasi, alafu narudi kwa yule mama kununua tena nikiomba Mungu anifungie ukurasa unaofuata. Sikuwahi kuupata hata siku moja.

mwana_wa_kisauni
😂😂 Mkuu wewe ndo mdau namba moja wa huu uzi na hujijui.

wa_goma
Miye niko Goma, muniachiye Kiswahili yangu ya huku. Waasi wa M23 waliingia mu muji mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, banki zikafunga, makuta (pesa) ikakosa mukononi mwa watu, hata mwenye mushahara alikuwa masikini. Mama mukubwa wangu iko na kabutiki. Alikuwa anaandika deni mu kaye (daftari), unga, makala, sabuni, kila muntu anasaini mwenyewe, asiyejua kuandika anaweka kidole. Kwetu kitabu ilikuwa ile. Bengine balilipa, bengine balikimbia na deni, na yeye hataki kupasua hizo pages, anasema batarudi.

mie_wa_unguja
Mie baba yangu aliwekwa ndani 1972, baada ya kuuliwa Rais Karume. Alitoka lakini hakutwambia kitu, ukimuuliza anaondoka. Kaka akaleta riwaya ya Haini ya Adam Shafi, ile inayoeleza mambo ya wakati huo huo, akaiwacha mezani makusudi. Mzee akaisoma, siku ya pili akatuita, akaanza: "hapa kasema kweli, hapa sisi ilikuwa vingine." Tangu hapo anasimulia mpaka tunamwambia baba kula kwanza.

mgeni_hapa
Naomba ushauri. Nina bibi ametoka Burundi 1972, wakati wa mauaji yale, anakumbuka vingi ila akianza anachanganya na analia. Niandike au nimrekodi kwa simu?

dada_wa_eldo
Rekodi kwanza, ataongea huru zaidi, na usimkatize kumuuliza mwaka. Kuandika fanya usiku huohuo. Majina ya watu na ya vijiji mrudishie kesho yake akurekebishe, moja moja, na akichoka acha.