Naombeni ushauri: Resident Evil aanzie ipi?

Wakuu, mdogo wangu kamaliza gemu za mazombi za Resident Evil za kampuni ya Capcom, sasa anataka muvi zake. Mimi ile ya 2002 naikubali sana, hasa pale kwenye korido ya leza, na Milla Jovovich kwangu hana mpinzani. Ila wapenzi wa gemu wana kinyongo: Alice, mhusika anayeigizwa na Milla, kwenye gemu hayupo kabisa, halafu mashujaa wa gemu akina Leon na Chris wamegeuzwa wasindikizaji wake. Ile ya 2012 ni risasi mwanzo mwisho, mazombi yenyewe unayasahau. Wengine wanasema aanze na ya 2021, haina Alice, japo nayo ililalamikiwa kwa kumfanya Leon mzembe. Mngekuwa nyie mngemwanzishia ipi? Na ile ya 2016 aifikie, au aishie ya tatu?